Mpagazi wa Dawa

Habari tunayotaka kuwaeleza leo ilianza kwa swali la mama mmoja mzee, hapa kwetu Mutarule, katika bonde la Ruzizi. Ilikuwa Dominika, tarehe 7 Machi 2021. Mama huyo alitungoja chini ya mwembe baada ya sala, akasema: “Mwalimu, nasikia chanjo ya Korona imefika Kinshasa. Wewe umesoma seminarini. Niambie, ina nini ndani?”

Sisi tukajibu upesi, kama mtu afukuzaye inzi: “Ina dawa, mama. Haina neno.”

Mama akashukuru, akaenda zake. Hata juma halijaisha, siku ya Ijumaa tarehe 12, serikali ya Kongo ikatangaza kwamba chanjo ile ya AstraZeneca ingoje kwanza, kwa kuwa huko Ulaya watu wachache waliochanjwa walikuwa wamegandiwa na damu mishipani. Dominika iliyofuata mama akatukuta mahali pale pale. Hakugomba. Alisema tu: “Mwalimu, ulisema haina neno.”

Aibu ile ndiyo iliyotutuma kusoma na kuwauliza waganga. Na tulipokwisha kusoma tuliona kwamba kosa letu halikuwa kuisifu chanjo. Kosa letu lilikuwa kujibu habari za mzigo, hali hatujui lolote juu ya mpagazi wake.

Mzigo na mpagazi

Zamani za misafara, pembe na nguo na chumvi hazikwenda zenyewe kutoka Uvira hata Ujiji. Ziwani zilibebwa na mitumbwi, na nchi kavu zilibebwa na mabega ya wapagazi. Kila tajiri alijua kwamba bidhaa njema haitoshi. Mtumbwi ukiwa na tundu, bidhaa huzama. Mpagazi akiwa na ndui, ndui huingia katika kila kijiji alalamo. Ndivyo ilivyo katika uganga. Dawa ni mzigo, na kila dawa ina kitu cha kuipeleka. Kitu hicho nacho chaweza kusaidia au kuumiza.

Sisi Wakongomani tulilipa bei kubwa kulijua neno hili. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, mtu mmoja mwenye homa alichomwa sindano ya klorokini, kwa kudhaniwa kwamba ana malaria. Baadaye yalionekana mengine. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba 5 ya sindano kwa kazi ya siku nzima, nayo yalisuuzwa kwa maji ya moto tu kutoka mgonjwa mmoja hata mwingine. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wagonjwa 288 waliochunguzwa namna walivyoambukizwa, 85 walikuwa wamepata sindano hospitalini. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Hakuna hata mmoja aliyetaka mabaya. Klorokini ilikuwa dawa njema, lakini sindano iliyoibeba ilikuwa imebeba na Ebola.

Tukumbuke Yambuku tunapoendelea, maana yale yatakayofuata ni jambo hilohilo katika vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Mkufu wa polimeri

Ndani ya seli za mwili wetu mna maandiko ya urithi, yaliyoandikwa juu ya uzi mrefu uitwao DNA. Fungu moja la maandiko hayo huitwa jeni. Jeni ikiwa na kosa, ugonjwa waweza kutokea. Hapa kwetu twaujua ugonjwa wa seli mundu, uwapao watoto maumivu makali ya mifupa na kuwapunguzia damu. Chanzo chake ni kosa la herufi moja tu katika maandiko hayo.

Basi wataalamu wakawaza: je, haiwezekani kupeleka jeni nzima ndani ya seli, ifanye kazi iliyomshinda yule mbovu? Wazo ni jema, lakini jeni haiendi peke yake. Katika damu hukatwakatwa upesi. Tena ikifika mlangoni pa seli hukataliwa, kwa sababu jeni na ngozi ya seli zote mbili zina umeme wa namna moja, ule uitwao hasi, na vitu vyenye umeme wa namna moja hufukuzana. Kwa hiyo yatakiwa mpagazi.

Wapagazi wa jeni wako wa namna mbili kubwa. Wengine ni virusi vilivyonyang'anywa nguvu ya kuleta ugonjwa. Wengine hutengenezwa na watu, nao ni matone madogo ya mafuta, au polimeri. Polimeri ni kitu kilichofanywa kwa viungo vidogo vingi vilivyoshikana kama pete za mkufu.

Mwaka 1965, Antti Vaheri na Joseph Pagano walichukua dekstrani, ambayo ni mkufu mrefu wa sukari, iliyogeuzwa hata ikapata umeme chanya. Kwa msaada wake waliweza kuingiza RNA ya virusi vya polio, yaani maandiko yake ya urithi, katika seli zilizofugwa chomboni. Mwaka 1995, huko Strasbourg, Ufaransa, Jean-Paul Behr na wenzake walionyesha nguvu ya polimeri nyingine, polietilenimini. Kitu hiki kilikuwa kimejulikana tangu zamani viwandani, hata katika kutengeneza karatasi. Kina umeme chanya mwingi sana. Huishika DNA na kuikunja kama donge, kisha donge lile hunata juu ya seli, nayo seli hulimeza. Hapo jeni imo ndani ya mfuko mdogo, mahali ambapo seli huyeyusha vyakula vyake kwa asidi. Wavumbuzi walieleza kwamba polimeri huinywa asidi ile, maji huingia, mfuko huvimba na kupasuka, na jeni hutoroka salama.

Lakini mkono ule ule ushikao jeni hushika kila kitu. Ukiishika ngozi ya seli kwa nguvu, huitoboa. Ukiingia katika damu, hushika protini na chembe nyekundu, ukazifunga mabonge, na katika panya mabonge hayo yameonekana kukwama mapafuni. Mwaka 2005, Moein Moghimi na wenzake walieleza kwamba polietilenimini huumiza seli mara mbili. Mara ya kwanza ni upesi, ngozi ya seli inapopasuliwa. Mara ya pili ni saa nyingi baadaye, pale vinu vidogo viipavyo seli nguvu vinapotobolewa, na seli yafa yenyewe. Kwa hiyo aliyetazama kwa saa moja tu, akaona seli bado zi hai, hakuwa ameona yote.

Tena kuna shida nyingine. Mkufu mrefu hubeba vema na huua sana. Mkufu mfupi hauui sana, wala haubebi vema. Na mwili hauwezi kuuvunja kwa urahisi, hivyo ukichomwa mara nyingi mzigo wa sumu huongezeka.

Mihogo michungu

Je, polimeri hii itupwe? Akina mama wa bonde letu wangecheka. Mihogo michungu ina sumu, lakini haitupwi. Huloweshwa siku kadhaa, huanikwa, husagwa, ndipo inapoliwa. Ila mwenye haraka akikata siku za kulowesha, sumu hubaki. Katika sehemu nyingine za Kongo haraka hiyo, pamoja na njaa, imeleta ugonjwa wa konzo, uwapoozeshao watoto na mama miguu wasipone kabisa.

Wataalamu nao walifanya kazi ya kulowesha. Wa kwanza waliivika polimeri joho. Joho hilo ni polimeri nyingine iliyo pole, iitwayo polietileni glikoli, nayo huufunika umeme chanya usirukie damu. Damu ikapata nafuu. Lakini seli nayo, kwa kuwa haikuona tena umeme ule, ikakosa kumshika mpagazi, na jeni zilizoingia zikapungua. Wa pili walitengeneza mikufu yenye pete zinazovunjika. Mwaka 2000, David Lynn na Robert Langer wa Marekani walieleza polimeri ambazo viungo vyake huyeyuka polepole katika maji, ili mwili uweze kuvitoa vipande vyake. Wa tatu walimtia mpagazi alama ya sukari, kwa sababu seli za ini zina mlango uitambuao sukari hiyo. Wengine walijaribu kitosani, itokayo katika maganda ya kaa na kamba. Hiyo ni pole sana, lakini kwa kubeba ni mnyonge.

Twaona basi kwamba kila tengenezo lilipunguza ubaya mmoja na kudai malipo yake. Hata joho lile lililosifiwa kuwa halina madhara lilikuja kuulizwa. Mwaka 2014, jaribio kubwa la dawa iitwayo pegnivakojini, iliyokuwa RNA iliyoungwa na polietileni glikoli kwa wagonjwa wa moyo, lilikatizwa, kwa sababu wagonjwa kadhaa walipatwa na mzio mkali mara moja. Uchunguzi ulionyesha kwamba walioshikwa vibaya walikuwa na kingamwili nyingi juu ya joho hilo hata kabla ya kupewa dawa. Na si ajabu, kwa maana kitu hicho kimo katika dawa za kuharisha, katika mafuta ya kujipaka na katika vitu vingi vya dukani. Miili yao ilikuwa imekwisha kumjua mpagazi kabla hajabisha hodi.

Sumu ya nyuki

Kisa kingine kinafaa kujulikana kwetu, maana kinahusu homa ya ini ya B, ugonjwa ulioenea sana katika nchi zetu. Kampuni ya Arrowhead ya Marekani ilitengeneza dawa ya RNA ya kuzima jeni za virusi vya homa hiyo. Jina lake lilikuwa ARC-520. Mpagazi wake aliitwa EX1, na kiini chake kilifuata mfano wa melitini, kitu kikali kilicho katika sumu ya nyuki, ambacho hutoboa ngozi za seli. Wataalamu waliifunika sumu hiyo kwa kifuniko cha kufunguka ndani ya seli tu, ili itoboe ule mfuko wa asidi, isitoboe kitu kingine.

Dawa ikaanza kujaribiwa kwa watu. Lakini mwezi wa Novemba 2016, katika uchunguzi mwingine, kima waliopewa EX1 kwa kiasi kikubwa, kupita kile walichopewa watu, walikufa. Serikali ya Marekani ikasimamisha jaribio. Mwezi uleule kampuni ikaacha dawa zake zote zilizobebwa na mpagazi yule, ingawa fedha nyingi na miaka mingi vilikuwa vimetumika. RNA yenyewe haikushtakiwa. Mashtaka yalikuwa juu ya mpagazi.

Wasomaji, msikipite kisa hiki upesi. Hapo kima walikufa mahali pa watu, na wenye dawa wakakubali hasara. Baada ya hapo kazi ya ini ilielekea zaidi kwa wapagazi wapole wenye alama ya sukari, na mwezi wa Novemba 2019 Marekani ilikubali dawa ya kwanza ya namna hiyo, iitwayo givosirani.

Wapagazi waliofika Kongo

Mtu aweza kusema: “Mambo hayo ni ya Ulaya na Marekani.” La hasha. Wapagazi wa jeni wamekwisha kufika kwetu, ingawa wale waliotangulia hawakuwa mikufu ya polimeri. Walikuwa virusi.

Hofu juu ya virusi hivyo ina msingi. Mwezi wa Septemba 1999, huko Marekani, kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alipewa jeni iliyobebwa na adenovirusi ili kutibu ugonjwa wa ini lake. Mwili wake ulimshambulia mpagazi kwa ukali usiokadirika, na siku ya nne akafa. Kazi yote ya jeni ilitikisika, na sheria za majaribio zikakazwa.

Chanjo ya Ebola iitwayo Ervebo hubebwa na kirusi cha mifugo kilichobadilishwa, kikavikwa protini moja ya Ebola. Ilipojaribiwa Geneva mwaka 2014, watu kadhaa walipata maumivu ya viungo. Mwezi wa Desemba wakubwa wa jaribio wakalisimamisha, wakapeleleza, na mwezi wa Januari 2015 wakaendelea kwa kiasi kidogo zaidi. Ndipo Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri mwaka 2018, hata ikafika Mwenga katika mkoa wetu wa Kivu ya Kusini mwezi wa Agosti 2019. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa chanjo hiyo. Tangu Julai 2019 kazi yote ya kupigana na Ebola iliongozwa na Mganga Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani yule yule aliyefika Yambuku mwaka 1976, wakati ambapo hapakuwa na chanjo. Ebola ile iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kwisha mwezi wa Juni 2020. Bila chanjo ingaliua wengi zaidi.

Sasa turudi kwenye swali la mama. Chanjo ya AstraZeneca ilibebwa na adenovirusi ya sokwe iliyonyang'anywa uwezo wa kuzaana. Dozi milioni 1.7 zilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021. Baada ya kungoja, chanjo ilianza kutolewa tarehe 19 Aprili. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuogopa, wakaja wachache, na dozi kama milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine za Afrika zisije zikaharibika hapa.

Je, hatari ile ilikuwa ya kweli? Naam, ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa adimu. Uingereza ilihesabu mtu mmoja au wawili katika kila watu laki moja waliopata dozi ya kwanza, na baadhi yao walikufa. Mwezi wa Desemba 2021 wataalamu walionyesha kwamba ngozi ya adenovirusi ile, yenye umeme hasi, hunata na protini moja ya damu yenye umeme chanya. Huenda hapo ndipo mwili unapokosea, ukatoa kingamwili juu ya protini yake wenyewe, na damu ikaganda. Tazameni: ni kanuni ileile ya polietilenimini, umeme kushikana na umeme, ijapokuwa huyu ni kirusi na ile ni mkufu wa kiwandani.

Baadaye zilikuja Kongo chanjo za Pfizer na Moderna, zinazobebwa na matone ya mafuta yenye lile joho la polietileni glikoli. Hizo zilileta mzio mkali kwa watu wachache katika kila milioni, na joho lilitiliwa shaka. Ndiyo maana aliyechanjwa aliambiwa akae robo saa kituoni kabla ya kwenda. Wengi kwetu walidhani wanacheleweshwa bure.

Jibu la mama

Baada ya kusoma haya tulikwenda nyumbani kwa mama yule, tukakaa naye barazani, tukamweleza polepole, bila kuacha Yambuku, wala kima, wala hesabu ya watu laki moja. Tukamwambia na upande wa pili: kwamba Korona nayo iliua, tena iliua wazee kuliko vijana, na kwamba kukataa chanjo nako ni kuchagua hatari. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili matatu, kisha akasema: “Ungaliniambia hivyo siku ile, mwanangu, ningalingoja pamoja nawe. Lakini ulinifunga mdomo.”

Maneno hayo twawaachia wenzetu waalimu, wauguzi na wazee wa vijiji. Anayesema “ni sumu tupu” na anayesema “haina neno” wanafanana, kwa kuwa wote wawili wamekataa kuhesabu. Siku zijazo zitaleta dawa za jeni kwa seli mundu na magonjwa mengine. Ya kwanza ya seli mundu ilikwisha kukubaliwa Uingereza na Marekani mwaka 2023. Lakini kazi yake hufanywa nje ya mwili, katika seli za uboho wa mgonjwa zilizotolewa, na bei yake huko Marekani hupita dola milioni 2. Wataalamu wanatafuta mpagazi mpole, wa bei ndogo, anayeweza kuchomwa mkononi kwa sindano. Akipatikana, huenda watoto wa Sange na Luberizi nao watapona.

Siku hiyo ikifika, yatupasa kuuliza manne. Mzigo ni nini? Mpagazi ni nani, naye hutoka mwilini kwa njia gani akimaliza kazi? Kiasi ni kipi, maana mpole wa kijiko kimoja aweza kuwa mkali wa vijiko kumi? Na nani atakayetazama waliochomwa, si kwa saa moja tu, bali hata baadaye, akiwa na mamlaka ya kusema “simameni”? Mwenye dawa akiyajibu hayo waziwazi, tumsikilize. Akikasirika kwa kuulizwa, tungoje kwanza.

Na sisi wenyewe tukiulizwa jambo tusilolijua, tujibu: “Sijui, mama, nitauliza.” Huko seminarini tulifundishwa kujibu. Somo hili la pili tumelipata chini ya mwembe.